Mshenga wa Mswada: Riwaya ya Kwanza Humfikiaje Mchapishaji?

Utangulizi

Mwaka wangu wa tatu hapa Mlimani ulipoanza, nilitoa shilingi 180,000 katika bumu langu nikampelekea mtu nisiyemjua. Mtu huyo alijiita wakala wa kimataifa wa waandishi. Wakati huo nilikuwa na mswada wa riwaya wa kurasa 214, unaohusu watu waliokuwa wakiishi kwa kuuza samaki, mahindi ya kuchoma na maji ya kunywa kwenye foleni ya magari ya kivuko cha Kigongo–Busisi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2025. Mimi ni mtoto wa upande ule wa Sengerema, na watu hao nawajua kwa sura na kwa sauti. Jamaa alinieleza kwamba fedha ile ni ada ya kusomea mswada. Nikalipa. Baada ya wiki tatu akaniletea pongezi: mashairi yangu yamewagusa sana wenzake wa London, kwa hiyo sasa nitume shilingi 300,000 nyingine za usajili.

Mashairi! Katika kurasa zote 214 hamna hata ubeti mmoja.

Ndugu msomaji, sikuandika makala haya ili unionee huruma. Bumu limekwenda, nami nimeshapiga pasi ndefu ya kutosha kulilipia. Ninaandika kwa sababu nilipowasimulia wenzangu wa darasa la riwaya, watatu kati yao walinong'ona kwamba nao wana miswada chini ya godoro, na wawili walikuwa tayari wanatafuta "wakala". Tunasoma nadharia za uhakiki kuanzia asubuhi hadi jioni, tunajadili fani na maudhui mpaka koo zinakauka, lakini hakuna aliyewahi kutueleza mswada unatokaje kwenye godoro mpaka ufike kwenye rafu ya duka la vitabu. Makala haya yatajaribu kujibu maswali manne. Wakala wa mwandishi ni nani hasa? Kwa nini huko Uingereza na Marekani ni mtu muhimu, na kwetu hayupo? Riwaya zetu za Kiswahili zilipita njia gani bila yeye? Na sisi wenye miswada leo tufanye nini?

Wakala wa Mwandishi ni Nani?

Kwanza tutenganishe maneno, maana hapa ndipo wengi tunapoanza kupotea. Mpiga chapa ni mwenye mtambo: unampa kazi, unamlipa, anakupa nakala zako na biashara imekwisha. Mchapishaji ni mwenye kuamua kwamba kazi yako ifanywe kitabu. Anagharamia uhariri, usanifu, upigaji chapa na usambazaji kwa fedha zake, kisha anakulipa wewe mrabaha, yaani asilimia fulani ya mauzo. Mtu akikuambia ni mchapishaji halafu akakudai fedha ya kuchapishia, huyo kwa vitendo ni mpiga chapa aliyevaa koti la mchapishaji. Si dhambi kumtumia mpiga chapa, ila ujue unachonunua.

Wakala yuko kati ya mwandishi na mchapishaji. Nimetafuta mfano wa kumwelezea, nikaona wa karibu ni mshenga. Kijana anayetaka kuoa haendi mwenyewe kugonga mlango wa wazazi wa binti. Anatumwa mtu mzima anayeijua nyumba ile, anayejua lini aseme na lini anyamaze, na anayeweza kujadili mahari bila kumwaibisha yeyote. Ndivyo alivyo wakala. Anajua mhariri gani anapenda riwaya za namna gani, anaupeleka mswada kwa jina lake mwenyewe, na ofa ikija anajadili mkataba. Tofauti na mshenga ni kwamba wakala hulipwa asilimia. Kwa kawaida ya sasa ya Uingereza na Marekani, huchukua asilimia 15 ya mapato ya mwandishi katika soko la nyumbani, na asilimia 20 katika mauzo ya nje na ya tafsiri. Mwandishi asipopata kitu, wakala naye hapati kitu. Kwa hiyo ada ya kusoma mswada ni mwiko katika uwakala wa kweli. Laiti ningelijua hilo kabla ya kutuma zile 180,000!

Ukipenda, linganisha na dalali wa nyumba hapa mjini. Dalali mzuri anakula baada ya wewe kupata chumba. Yule anayedai "hela ya kuonyeshwa" kila mlango, hana haraka kabisa ya wewe kupata chumba, kwa sababu milango yenyewe ndiyo biashara yake.

Kazi hii si ya kale sana. Anayehesabiwa kuwa wakala wa kwanza wa aina hii ni Alexander Pollock Watt, Mskoti aliyeianza London katika miaka ya 1870 kwa kutoza asilimia 10. Kati ya wateja wake alikuwamo H. Rider Haggard, yule ambaye riwaya yake Frederick Johnson aliitafsiri mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Basi babu zetu waliokisoma kitabu hicho shuleni walikuwa wakisoma kazi ya mteja wa wakala, ingawa neno lenyewe huenda hawakulisikia.

Mifano Miwili

Tuchukue mfano wa kwanza kutoka Afrika Magharibi. Chinua Achebe alipomaliza mswada wa Things Fall Apart, ambao sisi tunaufahamu kwa tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973, Shujaa Okonkwo, alikuwa mtumishi wa Shirika la Utangazaji la Nigeria. Mwaka 1956 alikuwa ameonana na Gilbert Phelps kwenye mafunzo ya BBC huko London, na Phelps akaupenda mswada. Baadaye Achebe aliituma nakala yake ya pekee, iliyoandikwa kwa mkono, kwenye ofisi moja ya kupiga taipu huko London, pamoja na ada ya pauni 22. Miezi ikapita kimya. Mswada uliokolewa na mkuu wake wa kazi, Angela Beattie, aliyekwenda London akaingia katika ofisi ile na kuuliza uso kwa uso kazi ya kijana wake iko wapi. Hebu fikiri: nakala moja tu duniani!

Baada ya hapo mswada ulipita kwa wakala, naye akaupeleka kwa wachapishaji kadhaa. Wengine waliukataa papo hapo wakidai kwamba riwaya ya Mwafrika haina soko. Heinemann nao walisitasita, mpaka msomi mmoja, Donald MacRae, alipousoma na kuandika ripoti fupi mno ya kuusifu. Kitabu kikatoka tarehe 17 Juni 1958, nakala 2,000.

Tuhesabu mikono iliyoupitisha mswada ule. Phelps aliusoma na kuuamini. Beattie alikwenda kuudai. Wakala aliubeba mlango hadi mlango. MacRae aliandika ripoti. Wakala alikuwa mmoja tu kati ya wanne, na aliyemaliza kazi ni msomi mwenye kalamu. Jambo hili nitalirudia baadaye.

Mfano wa pili ni wa kwetu kwa kuzaliwa. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, akasoma na kufundisha Uingereza, na riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ikatoka huko mwaka 1987. Alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, wengi tuliuliza: mbona vitabu vyake havipo kwa Kiswahili? Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Paradise ya mwaka 1994. Kitabu kikitoka lugha moja kwenda nyingine, lazima kuwe na makubaliano ya haki za tafsiri, na kwa mwandishi wa London makubaliano ya namna hiyo kwa kawaida hupitia mikononi mwa wakala. Hapo ndipo tunaona kwamba wakala hauzi kitabu mara moja akaondoka. Anatunza haki zote zinazotoka katika kitabu: tafsiri, filamu, redio, matoleo ya nchi nyingine. Zote hizo ni mali.

Kwa Nini Kwetu Hayupo?

Wapo wanaosema kwetu hakuna mawakala kwa sababu fasihi yetu haijakua. La hasha! Sababu ni hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Tuchukulie riwaya inauzwa shilingi 15,000. Tuchukulie pia kwamba mchapishaji anampa mwenye duka punguzo la asilimia 40, kwa hiyo yeye anabaki na 9,000. Mrabaha wa mwandishi uwe asilimia 10 ya kiasi hicho, yaani shilingi 900 kwa nakala. Zikiuzwa nakala 1,000, mwandishi anapata 900,000. Wakala angechukua asilimia 15 ya hapo: shilingi 135,000, kwa kazi ya mwaka mzima au zaidi. Ili apate milioni moja tu kwa mwezi, ambayo hapa mjini ni kodi, nauli na chakula, angehitaji kuuza riwaya 89 za namna hiyo kila mwaka. Nani ataweza? Na wachapishaji wa kununua riwaya 89 za waandishi wapya wako wapi?

Hesabu hiyo ni ya mfano, lakini inaonyesha ukweli wa soko letu. Kitabu cha Kiswahili huuzwa kwa maelfu pale kinapoingia shuleni. Ndiyo maana mchapishaji wetu, akishika riwaya yako, swali la kwanza kichwani mwake ni kama itaweza kusomwa darasani. Swali hilo lina gharama zake kifasihi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku shuleni. Leo hakuna anayeweza kuandika historia ya riwaya ya Kiswahili akairuka. Tunapohakiki riwaya za miaka hii na kulalamika kwamba zinahubiri sana maadili, tujiulize pia zimepita katika chujio gani kabla ya kutufikia. Mimi mwenyewe, nakiri, niliondoa tukio moja katika sura ya tisa kwa kumwogopa mwalimu wa kidato cha tatu ambaye hata hajazaliwa katika riwaya yangu.

Njia Zilizopitwa na Riwaya Zetu

Pamoja na hayo, riwaya zimetoka. Zimepitaje? Nimeona njia tatu.

Njia ya kwanza ni shindano. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957/58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, na mwaka 1960 Mzimu wa Watu wa Kale ikachapishwa. Bwana Msa aliingia katika fasihi yetu kupitia mlango wa mashindano. Shirika hilo lililoanzishwa mwaka 1948 lilifanya kazi kubwa ya kuwatafuta waandishi wapya. Hiyo Rosa Mistika nayo waliichapisha wao, wakati mwandishi wake akiwa na miaka 27 tu na hajamaliza muda mrefu tangu ahitimu hapahapa Mlimani mwaka 1970. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mlango ule ukafungwa.

Njia ya pili ni mchapishaji wa nyumbani mwenye msimamo. Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, ndiyo iliyotupa Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi mwaka 1978 na Kuli mwaka uliofuata. Walter Bgoya, aliyeiongoza kwa miaka mingi, akaanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, na huko ndiko Vuta N'kuvute ya Shafi huyohuyo ilikotoka mwaka 1999. Kwa upande wa Kenya, Ken Walibora alianza na Siku Njema kwa Longhorn mwaka 1996. Mwandishi na mchapishaji walikutana bila mtu wa kati.

Njia ya tatu ni mwandishi kujichapisha. Hapa wahakiki tumekuwa na dharau kidogo. Tukisikia riwaya pendwa tunakunja pua. Lakini Ben Mtobwa hakungoja wakala: alikuwa na kampuni yake ya Heko, iliyotoa Dar es Salaam Usiku mwaka 1990. Kajubi Mukajanga alikuwa na Grand Arts Promotions. Hawa walikuwa waandishi, wachapishaji na mawakala kwa mpigo, na wasomaji waliwapata mitaani kabla wahadhiri hawajawapata maktabani.

Njia ya shindano imefunguliwa tena. Mwaka 2014 ilianzishwa Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, ambayo imepokea miswada ambayo haijachapishwa. Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon ni miongoni mwa kazi zilizotoka katika tuzo hiyo zikachapishwa na Mkuki na Nyota. Nayo Taasisi ya Elimu Tanzania inaendesha Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Washindi wa kwanza kabisa walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza katika riwaya, na hali kadhalika katika ushairi, alipewa shilingi milioni 10, na mpango wa tuzo ni kwamba mswada wa mshindi uchapishwe na usambazwe shuleni. Kwa hiyo mtu akikuuliza wakala wa Kiswahili yuko wapi, mjibu kwamba kazi yake ya kuchagua na kubisha hodi inafanywa kwa kiasi kikubwa na tuzo.

Kazi Nne na Nani Azifanye

Kama wakala hayupo, kazi zake zipo. Mimi nazigawa mara nne: kuchagua, kunoa, kupeleka na kutetea. Mwenye mswada ahakikishe kila moja ina mtu.

Kuchagua ni kuamua kama mswada uko tayari. Kazi hii mwandishi haiwezi peke yake. Mama mzazi naye haiwezi, maana yeye atasifu tu. Tafuta watu wawili ambao wamesoma riwaya nyingi na hawaogopi kukuudhi.

Kunoa ni kuhariri kabla ya mhariri. Katika hili nilipata bahati. Baada ya kutapeliwa, nilikwenda kwa mhadhiri mmoja wa riwaya, nikamweleza kila kitu kuanzia mashairi yasiyokuwapo. Alicheka, akachukua mswada. Wiki mbili baadaye alinirudishia na kurasa mbili za maoni yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu. La kwanza lilisema: riwaya inaanza ukurasa wa 31. Yaani zile kurasa 30 nilizozihangaikia mwaka mzima, zenye historia yote ya kivuko, hazihitajiki! Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikasoma kuanzia ukurasa wa 31, nikaona ana haki. Unamkuta Mama Sado na beseni lake la sato, foleni haitembei, mvua inakuja, na hadithi imeshaanza.

Kupeleka ni kumjua mchapishaji kabla ya kumwendea. Nenda dukani, shika riwaya zinazofanana na yako, tazama zimetolewa na nani na mwaka gani. Kisha ulize ofisini kwao kama wanapokea riwaya kwa sasa, na kwa utaratibu upi. Wengi hutaka barua ya ukurasa mmoja ya kujitambulisha, muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili unaosema hadithi yote mpaka mwisho wake, na sura tatu za kwanza. Barua isijisifu. Iseme riwaya inahusu nini, ina ukubwa gani, na nani anaweza kuisoma. Usitume nakala yako ya pekee. Kumbuka yaliyompata Achebe. Baada ya hapo ni subira. Mswada husomwa kwanza na mhariri, ukimvutia hupelekwa kwa wasomaji wa nje, wanaandika ripoti, kisha ndipo uamuzi hufanywa. Miezi sita si mingi. Mwaka nao hutokea.

Kutetea ni mkataba. Hapa ndipo wengi wetu, kwa furaha ya kuchapishwa, hutia saini macho yamefumbwa. Angalau uliza mambo matano. Asilimia ya mrabaha ni ya nini: bei ya jalada au fedha anayopokea mchapishaji? Katika mfano wetu wa juu, asilimia 10 ya bei ya jalada ni shilingi 1,500, na ya fedha halisi ni 900. Tofauti ni kubwa. Taarifa ya mauzo italetwa lini na mara ngapi kwa mwaka? Haki za tafsiri, filamu na toleo la kielektroniki ni za nani? Usidhani filamu ni ndoto: Vuta N'kuvute ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, miaka 22 baada ya kitabu. Mkataba ni wa muda gani? Na kitabu kikiisha sokoni wasikichapishe tena, haki zitarudi kwako vipi? Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo unachotia saini leo kinawahusu hata wajukuu. Mpelekee rafiki anayesoma sheria asome kabla yako. Atakunywa soda moja tu.

Anayejichapisha ajue anazibeba kazi zote nne, na ya tano ya kuuza. Namba ya ISBN ataipata Maktaba Kuu ya Taifa. Wasomaji atawatafuta mwenyewe.

Uhakiki Kabla ya Kitabu

Sasa nirudi kwa MacRae na ripoti yake. Nilipokuwa ofisini kwa yule mhadhiri, nilimwuliza kwa nini amesoma mswada wangu bure. Akanionyesha bahasha tatu mezani. Zote zilikuwa miswada iliyoletwa na wachapishaji ili aisome na kuiandikia ripoti. "Hii ndiyo kazi yetu ya pili," akasema, "ila hakuna anayeihesabu."

Maneno hayo yamenikaa. Wasomaji wa nje wa wachapishaji wetu mara nyingi ni walimu wa fasihi. Majaji wa tuzo nao ni walimu wa fasihi. Basi wale tunaodhani kazi yao huanza kitabu kikishatoka, ndio walioketi mlangoni tangu mwanzo. Riwaya tunayoihakiki katika semina imeshahakikiwa mara mbili au tatu na watu ambao majina yao hayapo kwenye jalada. Na zile zilizokataliwa hatuzijui kabisa. Kazi isiyochapishwa haina mhakiki wa pili.

Hili linatuhusu sisi wanafunzi moja kwa moja, kwa sababu baada ya miaka michache bahasha zile zitakuwa mezani kwetu. Tunafundishwa kuandika insha ya kurasa kumi na mbili juu ya usawiri wa wahusika katika kitabu kilichokwisha kusifiwa na watu wengine. Hatufundishwi kushika mswada usio na jina, ulioandikwa na mtu wa Sengerema au Mtambwe, na kusema kwa ukurasa mmoja: hiki kitoke, au hiki kisitoke, na sababu ni hizi. Kusema hivyo kunahitaji ujasiri mkubwa zaidi, maana hakuna mhakiki mkongwe wa kumnukuu.

Hitimisho

Tumeona kwamba wakala wa mwandishi ni mtu wa soko kubwa, alizaliwa London na anaishi kwa asilimia ya vitabu vinavyouzwa kwa wingi. Anayekuambia leo kwamba ni wakala wako na anataka fedha kwanza, mwache aende zake. Tumeona pia kwamba riwaya zetu zilipita kwa mashindano, kwa wachapishaji wenye msimamo na kwa waandishi waliojichapisha, na kwamba kila mahali kulikuwa na msomaji mmoja makini aliyesema "hii itoke".

Pendekezo langu kwa wenzangu ni dogo. Tuanzishe baraza la kusoma miswada hapa idarani, Alhamisi moja kila mwezi. Mwenye mswada alete sura tatu bila jina. Wawili wapewe kusoma na waandike ripoti ya ukurasa mmoja, kama ile ya wasomaji wa wachapishaji. Wahadhiri wetu, tunawaomba mtuonyeshe ripoti nzuri huandikwaje. Gharama yake ni fotokopi tu.

Mimi nitakuwa wa kwanza kuleta. Mswada sasa una kurasa 187, unaanza na Mama Sado kwenye foleni, na lile tukio la sura ya tisa nimelirudisha. Nawaomba msiusome kwa huruma.